Vidonda mikononi na damu puani katika usindikaji wa ngozi: je, chanzo ni kromu?

Msindikaji wa Tabora (mtoa mada)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Ninafanya kazi katika karakana ya kusindika ngozi iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora. Ngozi nyingine tunazipata machinjioni zikiwa bado mbichi, na nyingine huletwa na wachuuzi kutoka Nzega na Igunga zikiwa zimekwisha kupakwa chumvi. Tunaziloweka, tunazitia chokaa pamoja na sodiamu salfaidi ili manyoya yatoke, tunakwangua nyama na mafuta, kisha zinaingia kwenye pipa kubwa la mbao linalozungushwa na mota, ambamo hutiwa chumvi, asidi na mwishowe kromu, zikatoka zikiwa na rangi ya bluu. Baadhi huuzwa hivyo hivyo. Zile tunazozimalizia wenyewe hukaushwa, husuguliwa kwa mashine ya msasa na kupakwa rangi kwa ajili ya mafundi viatu.

Mimi ndiye ninayetoa ngozi ndani ya pipa na kuzipanga juu ya chanja ili zichuruzike maji. Kwenye vifundo vya vidole vyangu pametokea vijishimo vya mviringo, ukubwa wake kama punje ya mtama, vyenye kingo ngumu zilizoinuka. Haviumi sana, lakini havifungi, na mkono wote unawasha hadi karibu na kiwiko. Mwenzangu anayesimama kwenye mashine ya msasa hutokwa na damu anapopenga kamasi, na siku hizi anakohoa usiku. Glavu tulizopewa ni za ngozi. Zikilowa tunazianika juani na kuzivaa tena. Msimamizi wetu anashikilia kwamba kinga ni maziwa, na kweli tunagawiwa maziwa kila mwisho wa juma ili yasafishe sumu.

Jirani yangu amesoma kwenye simu kwamba kromu huleta saratani na huharibu figo, na tangu hapo nyumbani hakukaliki, mke wangu anataka niache kazi. Kabla sijaamua, ningependa kuwasikia wanaoijua kazi hii na wanaojua tiba. Haya tunayoyaona yanatokana na kromu kweli, au ni chokaa na asidi? Je, kipo kipimo cha kuonyesha kiasi kilichoingia mwilini? Na ikiwa ni ugonjwa wa kazini, gharama ni za nani, maana tumeambiwa kila mtu ajitibu?

Fundi Ngozi, Mwanza

Pole sana ndugu yangu. Nilisomea teknolojia ya ngozi hapa Mwanza na nimesimama kwenye mapipa ya namna hiyo kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu upande wa kazi na kuwaachia matabibu upande wa mwili.

Kabla ya yote, nenda kaangalie kilichomo kwenye gunia. Zipo kromu za aina mbili zinazohusika na kazi yetu, na tofauti yake ni kubwa mno. Ya kwanza ni kromu ya tatu, ambayo huja katika umbo la kromiamu salfeti: unga wa kijani katika mifuko, kwa kawaida ya kilo 25, ambao ukiyeyushwa hutoa maji ya kijani yanayoelekea bluu. Ya pili ni kromu ya sita, ambayo huuzwa kama daikromati, chembechembe zenye rangi ya machungwa iliyokolea. Hii ya pili ndiyo inayotoboa ngozi na pua ya binadamu, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka katika kundi la 1, yaani vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa watu. Kromu ya tatu imewekwa na shirika hilo hilo katika kundi la 3, maana yake ushahidi uliopo hautoshi kuihukumu. Jirani yako aliposoma kwamba kromu huleta saratani, alisoma kweli, ila hakuambiwa ni ipi.

Usindikaji wa kromu ulipoanza kuuzwa viwandani, kwa hataza ya Augustus Schultz huko Marekani mwaka 1884, ulitumia daikromati moja kwa moja, na vibarua wa enzi zile waliishika kwa mikono. Mbinu ya kutumia kromu ya tatu tangu mwanzo ilikuja miaka michache baadaye, ikaishinda ile ya kwanza, na leo sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa hivyo. Sababu ni rahisi: kusindika kwa magome ya miti huchukua majuma, kwa kromu huchukua saa, na ngozi iliyoshika kromu hustahimili maji yanayokaribia kuchemka, wakati ngozi mbichi hujikunja kwenye nyuzi joto 60 na kidogo.

Basi kwa nini nasisitiza habari ya gunia? Kwa sababu ziko karakana ndogo ambazo, kwa kutafuta unafuu au kwa sababu unga wa kijani umeadimika, hununua daikromati na kujipikia. Huiyeyusha, huitia asidi ya salfuriki, kisha huongeza molasi au sukari kidogo kidogo. Mchanganyiko hutokota kwa joto lake wenyewe na rangi hugeuka kutoka machungwa kuwa kijani. Ikigeuka yote, ni kromu ya tatu kama ile ya mfukoni. Molasi ikiwa pungufu, au mpishi akiwa na haraka, daikromati hubaki humo, na anayeingiza mikono kwenye pipa ndiye anayeilipia. Mpishi naye huvuta ule mvuke. Kwa namna ulivyovieleza vidonda vyako, ningetaka sana kujua kama kwenu mnapika.

Hata hivyo, unga ukiwa wa kijani tupu, maji ya pipa bado si ya kuingiza mikono mitupu. Ngozi hutiwa asidi hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ifike karibu 3 ili kromu ipenye hadi katikati, halafu pH hupandishwa polepole hadi karibu 4 ili kromu ishike. Katika usindikaji wa kawaida sehemu kubwa hushika, lakini asilimia 20 hadi 40 hivi hubaki kwenye maji. Anayetoa ngozi anakutana kwa wakati mmoja na asidi inayochubua na kromu inayoingia palipochubuka. Na kama mtu huyo alishinda asubuhi kwenye chokaa, ambako pH hufika 12 na zaidi, basi mkono wake umefika kwenye pipa ukiwa tayari umeliwa.

Sasa hizo glavu. Glavu za ngozi karibu zote zimesindikwa kwa kromu, na zikilowa hukushikilia maji ya kromu mwilini kutwa nzima. Afadhali uende mikono mitupu na kunawa kila mara kuliko kuzivaa, ingawa sikushauri hilo pia. Kinachotakiwa ni glavu ndefu za mpira zinazofika kwenye kiwiko, zisizo na tundu, zinazooshwa nje na ndani baada ya kazi, pamoja na aproni ya mpira iliyoshuka hadi juu ya gambuti ili maji yasitiririkie ndani ya buti.

Mwenzako wa msasa ana tatizo jingine kabisa. Vumbi la ngozi lenyewe, bila kujali kromu, limewekwa na IARC katika kundi la 1 kwa sababu ya saratani ya tundu la pua na vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa inayolizunguka, na ushahidi mwingi ulitokana na wafanyakazi wa viwanda vya viatu. Barakoa ya kitambaa haimsaidii. Mashine ya msasa inahitaji bomba la kufyonza vumbi palepale linapozalishwa, na hadi hilo lipatikane avae barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la N95, iliyobana usoni.

Naomba nitoke kidogo nje ya mada, kwa sababu kinachoua wasindikaji kwa dakika chache si kromu. Maji yenye sodiamu salfaidi yakikutana na asidi, katika mfereji au shimo moja la maji machafu, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Harufu yake ni ya yai bovu mwanzoni, kisha pua hufa ganzi na mtu hudhani imekwisha. Mifereji hiyo miwili itengwe, na mtu asiingie shimoni kumwokoa aliyeanguka.

Tabibu wa Isevya

Ninaunga mkono aliyoyasema Fundi. Nitaongeza ya kwangu nikianza na jambo ambalo hakuligusa, kwa kuwa si la kemikali.

Mtu anayeshika ngozi mbichi akiwa na kidonda kisichouma, jambo la kwanza ninalolifikiria ni kimeta. Kidonda cha kimeta huanza kama kipele kinachowasha, huvimba pembeni, kisha katikati hutokea gamba jeusi, na mara nyingi mgonjwa ana homa au tezi zilizovimba. Maelezo yako hayafanani sana na hayo, kwa sababu vidonda vyako ni vingi, vidogo, na vimekaa muda mrefu bila gamba jeusi. Lakini sitaki mtu mwingine anayesoma hapa ajiambie kwamba ni kromu akaacha kwenda hospitali. Kimeta kinatibika kwa antibiotiki mapema, na kikichelewa kinaua.

Vijishimo vya mviringo vyenye kingo ngumu kwenye vifundo na pembeni mwa kucha ndivyo vitabu vya magonjwa ya kazini vinavyoviita vidonda vya kromu. Hutokea pale kromu ya sita inapoingia kwenye mchubuko mdogo. Chokaa na salfaidi pia huweza kuchimba vidonda vinavyofanana navyo, kwa hiyo kwa macho peke yake sithubutu kuapa, na swali la Fundi kuhusu kupika daikromati lina uzito kuliko kipimo chochote ninachoweza kukuandikia. Vidonda hivi hupona iwapo mguso utakoma: vioshwe kwa maji mengi na sabuni, vifunikwe, mkono usirudi kwenye pipa hadi vifunge. Vikipona huacha kovu.

Muwasho unaopanda hadi kwenye kiwiko ni habari nyingine. Unaweza kuwa ni ukavu na mchubuko wa kawaida wa asidi na chokaa, unaotulia ukipumzika siku chache. Unaweza pia kuwa mzio wa kromu, ambao watu wetu huuita pumu ya ngozi, na huo una tabia mbaya: mwili ukishaijua kromu hauisahau. Mgonjwa wa namna hii huamka na mapele miguuni kwa sababu ya viatu vya ngozi, au mikono humchachamaa akifanya kazi ya uashi, kwa kuwa saruji nayo huwa na kromu ya sita kidogo. Kwa hiyo nikuulize: je, siku za mapumziko huwa unafanya kibarua cha ujenzi? Na muwasho hupungua ukiwa likizo? Kipimo cha kuthibitisha mzio kipo, ambapo daikromati kidogo sana, asilimia 0.5 ndani ya mafuta mgando, hubandikwa mgongoni kwa siku mbili kisha ngozi husomwa. Si kipimo cha kila hospitali. Ulizia kwa wataalamu wa magonjwa ya ngozi, na katika nchi yetu kituo kinachojulikana zaidi ni kile cha KCMC, Moshi.

Kuhusu mwenzako, damu puani inaweza kuwa ni ukavu wa vumbi tu, hasa kiangazi cha Tabora, lakini ni lazima pua iangaliwe ndani kwa taa, kwenye ule ukuta unaogawa matundu mawili. Kromu ya sita hula ukuta huo taratibu hadi ukatoboka, na wapo wanaotobokwa bila kuhisi maumivu yoyote. Iwapo tundu moja la pua limeziba kwa muda mrefu na linatoa damu, hilo ndilo la kuharakisha zaidi, kwa sababu ya saratani aliyoitaja Fundi, ambayo ni adimu na kwa kawaida huchukua miaka mingi kujitokeza. Kikohozi cha usiku kinachotulia siku za mapumziko kinaashiria pumu ya kazini. Kisichotulia, kikiambatana na kupungua uzito na jasho la usiku, kinahitaji kwanza makohozi yapimwe kifua kikuu, maana hatuwezi kusingizia vumbi kila kitu.

Figo. Ni kweli kwamba kromu ya sita ikiingia kwa wingi, kwa kumezwa au kwa kuungua sehemu kubwa ya mwili, huharibu figo ndani ya muda mfupi. Kwa mfanyakazi anayeipata kidogo kidogo, tafiti huonyesha zaidi mabadiliko madogo ya mirija ya figo kuliko figo kufa. Wagonjwa wa figo wanaofanya kazi ngumu ninaowaona mimi, kwa sehemu kubwa, wana shinikizo la damu ambalo halijawahi kupimwa, au wamemeza diklofenaki karibu kila siku kwa ajili ya mgongo. Ngozi ya ng'ombe iliyolowa ni nzito, ninaelewa kwa nini mgongo unauma, lakini hizo dawa ziacheni.

Umeuliza kipimo. Kromu hupimwa kwenye mkojo, unaochukuliwa mwisho wa zamu na mwisho wa juma la kazi, katika chupa ya plastiki, baada ya kunawa na kubadili nguo ili mkojo usichafuliwe na vumbi la mikononi. Majibu yanaonyesha kilichoingia siku za karibuni tu. Kromu iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu inaeleza zaidi habari ya kromu ya sita, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopenya ukuta wa chembe, ikanaswa humo kwa muda wote chembe inapoishi, ambao ni siku 120 hivi. Vyote viwili havifanyiki katika maabara ya kawaida ya hospitali, na hata vikifanyika havisemi kama mtu ni mgonjwa. Vinasema amekutana na kromu kiasi gani. Mvutaji sigara naye huwa na kromu zaidi kidogo, kwa sababu imo ndani ya tumbaku, jambo ambalo sisi wa Tabora tulio katikati ya mashamba yake tungelikumbuka kabla ya kusoma majibu. Vipimo ninavyovipa kipaumbele ni vya kawaida: kuangaliwa ngozi na pua, kupuliza kifua, presha, mkojo kuangaliwa protini, na kreatinini kwenye damu, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Maziwa hayasafishi kromu, hayasafishi vumbi, hayasafishi kitu. Ni chakula kizuri, mnyweni kwa raha. Ninachokilalamikia ni pale yanapogawiwa mahali pa glavu.

Mshona Viatu, Ujiji

Nimesoma kwa makini kwa sababu mimi ninatumia hizo ngozi zikishamalizwa. Nina maswali mawili na pendekezo moja. Vipande vinavyobaki baada ya kukata, hapa kwetu wengi tunawashia mkaa, na majivu yake baadhi ya watu wanayapeleka bustanini. Je, kuna ubaya? Pili, zile ngozi zinazokauka na kukakamaa huwa ninazilainisha kwa mafuta ya samaki ninayoyapata mwaloni, nayo huzilainisha vizuri, ila nimeona Fundi anataja mambo ya kromu kugeuka. Pendekezo langu ni kwamba wazee wetu walisindika ngozi kwa magome na maganda ya mgunga bila kromu yoyote, na sioni kwa nini karakana ndogo ya Tabora, iliyozungukwa na pori, isirudi huko.

Fundi Ngozi, Mwanza

Kaka wa Ujiji, hilo la kuwashia mkaa acheni leo. Ngozi iliyosindikwa kwa kromu ikichomwa penye hewa, sehemu ya kromu ya tatu iliyotulia ndani yake hugeuka kuwa kromu ya sita, na majivu ndiyo yanayoibeba. Unaanza na kipande unachoweza kukishika bila wasiwasi, unamaliza na majivu ambayo usingependa mtoto ayachezee, sembuse kumwagia mchicha. Vipande vikusanywe kwenye gunia kavu. Vinafaa kwa kujaza mito ya viti, visigino vya kubandika na hata mikanda ya funguo.

Mafuta ya samaki yana hadithi ndefu. Ngozi ya bluu ikiwa ndani ya pipa, penye asidi na unyevu, kromu yake haina haja ya kugeuka. Hatari huja baadaye, ngozi inapokuwa imepunguzwa asidi kupita kiasi, imetiwa mafuta mabichi ambayo huoza yakikutana na hewa, kisha ikakaa mahali pa joto na pakavu au juani. Mafuta yanapooza huisukuma kromu kutoka ya tatu kwenda ya sita, kidogo kidogo, na mafuta mabichi ya samaki ni miongoni mwa yanayooza haraka. Viwandani hutumika mafuta ya samaki yaliyotengenezwa maalumu kwa ngozi. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2015, hauruhusu bidhaa ya ngozi inayogusa mwili kuuzwa ikiwa na kromu ya sita kufikia miligramu 3 kwa kilo, na wauzaji wengi wameanguka kwenye kipimo hicho ilhali hawajawahi hata kuiona daikromati. Kwa mtu aliyekwisha kupata mzio, hata kiasi kidogo kama hicho kinaweza kumfanya ajikune.

Hapo ndipo magome yanaporudi kwa heshima. Kuongeza dondoo ya magome ya miwati, kama asilimia moja au mbili, baada ya kromu, huzuia ugeukaji huo kwa sababu tanini, ile dawa iliyomo kwenye magome, hujitoa kuoza mahali pa kromu. Miwati yetu inatoka Njombe na si vigumu kuipata. Kusindika kwa magome peke yake kunafaa kwa soli, mikanda na mikoba migumu. Kwa ngozi laini ya juu ya kiatu mtahangaika, na soko la ngozi ya bluu mtalikosa. Tena vumbi la msasa halibagui: ngozi ya magome ikisuguliwa bila kufyonza vumbi, pua inaumia vilevile.

Afisa Usalama Mstaafu

Vijana, nijibu la gharama, maana nimeona limepitwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza, na wapimwe afya wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Udogo wa karakana haumwondolei mwajiri wajibu huo. Anayesema kila mtu ajitibu ama haijui sheria au anategemea kwamba ninyi hamuijui. Mwendeeni kwa upole kwanza, kwa maandishi, mbaki na nakala.

Ugonjwa unaotokana na kazi hulipiwa matibabu na fidia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Michango yote ni ya mwajiri. Hairuhusiwi kukatwa kwenye mshahara wako. Taarifa itolewe mapema, kwa sababu ikipita miezi 12 haki yenyewe inaweza kupotea. Madai mengi ya magonjwa hukwama kwenye karatasi, kwa kuwa mgonjwa huenda hospitali akasema anawashwa mkono, daktari akaandika fangasi, na kazi yake haikuandikwa popote. Ukifika kwa tabibu, mwambie unafanya kazi gani, unashika kemikali gani na tangu lini, na uhakikishe ameandika. Kemikali kama daikromati zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na anayeiuza alipaswa kuwa na karatasi ya taarifa za usalama wake. Ombeni mwonyeshwe.

Na nguo za kazi zisifuliwe nyumbani katika beseni la watoto. Sijaona aliyelitaja hilo.

Msindikaji wa Tabora

Wakubwa nimeshukuru. Nimekwenda stoo. Mifuko ni ya unga wa kijani kama Fundi alivyosema, lakini nyuma yake kuna dumu la chembechembe za machungwa, na mlinzi wa stoo ameniambia hupikwa pale unga unapochelewa kufika. Siku za kupika mimi huwa zamu ya chokaa, ndiyo maana sikuwahi kuona. Kazi ya uashi ninaifanya, Daktari, hasa Jumapili, na muwasho huwa mkali zaidi Jumatatu. Nimekwisha kumwonyesha msimamizi mjadala huu; hakufurahi, ila amesema ataagiza glavu za mpira. Je, kuna namna ya kujua kama kilichopikwa kimegeuka chote, wakati tunasubiri kuacha kupika?

Fundi Ngozi, Mwanza

Ipo. Maabara hutumia kemikali iitwayo difenilikabazaidi, ambayo kwenye kromu ya sita hutoa rangi ya zambarau papo hapo, hata ikiwa kidogo sana. Pelekeni sampuli ya mchanganyiko uliopoa katika chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, kwa maabara ya ngozi au kwa Mkemia Mkuu. Kutazama rangi kwa jicho hakutoshi, kwa sababu kijani kizito huficha machungwa. Lakini msijenge utaratibu juu ya kipimo hicho: agizeni unga wa kijani mapema kabla haujaisha, na dumu lile lifungwe, liwekwe alama, lirudishwe kwa aliyewauzia. Mtu asilimwage mferejini, maana kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.05 tu za kromu kwa lita, na visima vya jirani hamjui vinapata maji wapi.

Tabibu wa Isevya

Uashi na pipa kwa pamoja vinanifanya niushuku mzio zaidi kuliko nilivyoushuku mwanzo. Acha saruji kabisa hadi uangaliwe. Njoo hospitali ya Kitete na mwenzako wa msasa, yeye asisubiri glavu wala barua, na mje mmeandika kwenye karatasi majina ya kemikali zote mlizoziona stoo, pamoja na hilo dumu.